Umeme mdogo mwisho wa laini: jinsi nilivyotatua

Kwa miezi kadhaa wateja wa mwisho wa laini walilalamika kuwa kila jioni umeme unakuwa mdogo, friji zinanguruma bila kugandisha, hadi malalamiko yao yakatufikia kwa barua ya mdhibiti wa huduma za umeme iliyotaka majibu ya maandishi. Ofisini tulikuwa tumeshaandaa maombi ya transfoma kubwa kuliko ile ya kVA 100 (kipimo cha uwezo wake), ambayo kila fezi yake, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazogawana mzigo, hubeba takriban ampea 144. Niliomba tupime kwanza. Saa mbili usiku, mita ya kubana waya ilionyesha ampea 182 kwenye fezi nyekundu, 64 kwenye njano na 71 kwenye buluu, huku nyumba ya mwisho ikipata volti 188 badala ya 230. Miaka nenda rudi, mafundi walikuwa wakiunga wateja wapya kwenye waya uliokuwa rahisi kufikiwa kutoka ngazini, yaani fezi nyekundu (nami nilipokuwa fundi wa nguzoni nilifanya vivyo hivyo). Tulizima laini kwa saa tatu, tukahamishia nyumba 31 kwenye fezi nyingine mbili, tukakaza na viungo vilivyolegea vya nyutro, waya wa kurudisha umeme kwenye transfoma. Usiku uliofuata tulisoma ampea 112, 103 na 104, na nyumba ya mwisho ikapata volti 219. Maombi ya transfoma tuliyaondoa.