Siku moja maishani mwangu: navusha wanafunzi Barabara ya Mandela

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi, kiporo cha wali, raba miguuni, reflekta mkobani. Kutoka kwangu Tabata, hapa Dar es Salaam, hadi Barabara ya Mandela naenda kwa mguu, nauli naibakiza. Nikifika nachukua ufagio kwenye kibanda cha mlinzi wa shule, nafagia zebra. Watu wananicheka: mama, barabara ya serikali unaifagilia nini? Malori ya mchanga yanamwaga usiku kucha, na bodaboda akishika breki juu ya mchanga hasimami, analala na pikipiki yake na kukujia hivyo hivyo. Acha wacheke.

Saa 12:00. Wa kwanza wanaanza kufika, wale ambao wazazi wao wanawahi kazini. Mwezi wa saba saa hizi ni giza, na sweta za shule ni bluu iliyokolea, kwa hiyo dereva hamwoni mtoto mpaka taa zimguse. Darasa la kwanza na la pili nawashika mkono. Wakubwa nawapanga nyuma ya nguzo, mbali na ukingo wa lami.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo kofia ya sweta shusha, utasikiaje honi?"

Darasani wamefundishwa kutazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo wavuke. Wimbo wenyewe wanaujua vizuri, na kwa barabara ya kawaida unatosha, maana magari yetu yanakwenda upande wa kushoto. Ila Mandela ina njia nne na ukingo katikati. Mtoto akishafika pale katikati, magari yanamjia kutoka kushoto, na yeye aliyekariri anaanza kutazama kulia, anaona migongo ya magari tu. Anafurahi, anashusha mguu. Na kulia kwenyewe huwezi kukupuuza, kwa sababu bodaboda anayekwepa foleni anakuja kinyume kutokea huko huko. Kwa hiyo mimi wangu nimewapa somo jingine: pale katikati tunasimama upya, tunaanza upya, kama barabara ya pili. Wanaosahau nawarudisha nyuma mpaka waone aibu.

Saa 12:45 mpaka 1:30 ndiyo yenyewe. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya bandarini kwenda Ubungo na kushika njia ya Morogoro, kwa hiyo kati ya daladala na bajaji kuna semi zenye makontena na matangi ya mafuta yanayokwenda Zambia na Kongo. Wanaotoka Ubungo kuteremkia bandarini wanapigwa na jua la asubuhi usoni. Unamwona dereva kashusha kile kikinga jua, kakunja uso, na wewe hujui kama kakuona au la.

Watu wakiniuliza hatari ya kazi hii, wanadhani ni dereva asiyesimama. Huyo hanisumbui sana. Namwona toka mbali, anapiga honi, anawasha taa, nami nabaki ukingoni na wajukuu zangu mpaka apite na haraka zake. Anayenitia hofu ni yule muungwana anayesimama.

Semi ikisimama njia ya kushoto inakuwa ukuta. Dereva amekaa juu kule, na mtoto wa darasa la kwanza akipita karibu na bampa, kwake huyo mtoto hayupo. Anatoa mkono dirishani: piteni, piteni. Nia yake njema. Lakini mkono ule unasema yeye amesimama, basi, hausemi chochote kuhusu kinachokuja njia ya pili. Huko kuna mwenye gari dogo anayeona lori limesimama na kudhani limeharibika au linashusha mtu, anahama njia, anakanyaga mafuta. Kulipita gari lililosimama kwenye zebra ni kosa, kila mwenye leseni anajua. Ila kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wetu wa mjini, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mpaka akumbuke sheria ameshafika.

Kwa hiyo lori likisimama, watoto wanabaki. Natoka peke yangu mpaka pembe ya bampa, natanguliza kibao cha SIMAMA, halafu pua, halafu mimi mzima. Nikisimama katikati ya njia ya pili na gari la pili nalo limetulia, nimemtazama dereva machoni naye kanitazama, ndipo naita: haya! Wanakuja mbio, nawakataza mbio kila siku na kila siku wanakimbia. Wiki iliyopita daladala ilipenya, ikakichukua kibao kwa kioo cha pembeni. Mpini ukavunjika pale pale nilipoushika. Konda akachungulia mlangoni, badala ya pole akanipa ushauri:

"Bi mkubwa, nenda nyumbani kalee wajukuu!"

"Si ndio hawa!" nikamjibu, ingawa daladala ilishakwenda. Fundi seremala wa jirani alinichongea mpini mpya, hakutaka hata senti.

Bodaboda nao wana yao. Mzazi anampakia mtoto kwenye mshikaki, wanafunzi watatu na dereva wanne, halafu anayesimamishwa kwenye zebra ni mimi niwapishe wapite! Nawasimamisha. Wakinitukana, nawasimamisha zaidi.

Saa 2:30. Kimya kidogo. Supu na chapati moja kwa mama ntilie, kwa mkopo, maana posho inatokana na michango ya wazazi na mwezi huu michango inasuasua. Mimi si askari wala sina ajira ya serikali. Siwezi kumwandikia mtu faini. Ninachoweza ni kuandika namba za magari kwenye daftari na kumpa trafiki anapopita, naye ni mwelewa. Siku akisimama hapa yeye mwenyewe, mtu wa sare nyeupe, madereva wote wanakuwa wacha Mungu. Ndiye aliyetuambia kwenye semina kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani zinaongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Bima sina. Nikigongwa, watapitisha bakuli.

Saa 6:00 mchana. Shule yetu ina zamu mbili kwa uhaba wa madarasa, kwa hiyo saa sita wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia, makundi mawili yanakutana juu ya zebra moja, lami inachoma hadi ndani ya raba. Hapa adui mkubwa ni daladala. Makonda hawawapendi wanafunzi, maana nauli yao ni shilingi 200 na nafasi wanayochukua ni ya mtu mzima. Ikisimama ng'ambo utasikia, "Wanafunzi wawili tu!" Wawili! Na huku wamesimama hamsini wenye njaa. Hapo hakuna kulia wala kushoto, ni nani atawahi mlango. Makonda wawili nimeelewana nao, wanapaki mbele ya zebra na kungoja nivushe kundi zima. Wengine tunaonana tu.

Mchana naenda nyumbani kulala na miguu juu ya mto. Kikohozi cha moshi kinaniamsha kabla ya saa.

Saa 11:00 jioni. Zamu ya pili inatoka. Foleni ni ndefu, magari yanatambaa, na watu wanadhani foleni ni salama. Siyo. Magari yakisimama bampa kwa bampa watoto wanajipenyeza katikati, na pikipiki zinakuja kwenye upenyo ule ule. Leo nimemshika mmoja shati kwa nyuma, kifungo kikakatika. Mama yake kesho atanijia juu kwa kifungo, na aje.

Kabla ya kuondoka nimempitia mwalimu mkuu kuhusu geti. Geti letu linatazama barabara kuu, wakati nyuma ya shule kuna mtaa mtulivu na nusu ya watoto wanaishi upande huo. Hao wanazunguka kuja barabarani kwa sababu ya geti tu. Hapa hapa Dar, shirika la Amend lilifanya mradi wa SARSAI, wa kutengeneza mazingira ya barabara kwenye shule, uliotwaa tuzo ya Ross ya miji mwaka 2019. Waliweka matuta, njia za miguu, na penye nafasi wakahamisha geti. Si jambo la ajabu. Tunahitaji fundi wa kuchomelea, matofali na tuta moja kabla ya zebra, maana rasta zilizopo, vile vituta vidogo vidogo, malori hayazisikii.

Mwalimu mkuu amesema kamati inakaa Jumamosi. Ajenda ya kwanza ni madawati, geti ni ya nne. Nimemwambia mimi nitakaa mbele, na kibao changu.