Macho ya mlevi asiyekunywa

Leo nimetia uzi kwenye sindano bila kumwita binti wa jirani. Asiyeshona hawezi kuelewa kwa nini nilikaa nikiitazama ile sindano.

Karibu miaka miwili macho yangu yalikuwa mekundu, yanawasha, kama yametiwa mchanga. Mimi nililaumu vumbi la soko la Kibuye. Wateja walilaumu chupa. "Mama, jana mlikesha wapi?" Mimi, mke wa mzee wa kanisa! Kwenye kituo cha kwanza niliambiwa ni mzio, nikapewa dawa ya matone. Wiki chache baadaye nikarudi na chokea, jicho lile lile, mara ya nne.

Daktari wa macho aliyenisaidia hakuanza na macho. Aliuliza mashavu. Yanachoma nikikaa juani, au nikinywa chai ya moto? Yanachoma. Na vipele vya puani? Nilidhani ni chunusi, nikavipaka krimu ya kemisti yenye steroidi, kumbe ndiyo inayovichochea. Akasema ni rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso unaoweza kushika na macho. Kwa mtu mweupe wekundu huonekana mara moja. Kwenye weusi wetu hujificha, na wapo ambao macho hutangulia ngozi. Vitezi vya mafuta kwenye kingo za kope huziba, basi machozi hukosa mafuta ya kuyafunika na kukauka upesi.

Tiba yenyewe ni kazi ya mikono zaidi kuliko nilivyotarajia: kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu juu ya kope dakika kumi, kukanda polepole, kusafisha kingo, asubuhi na jioni. Halafu machozi bandia, na vidonge vya antibiotiki viitwavyo doksisaiklini kwa wiki kadhaa, pamoja na maji mengi. Aliuliza kwanza kama nina mimba, maana haimfai mjamzito. Nina miaka 51, tulicheka wote. Dawa hiyo pia hufanya jua liunguze haraka, na hapa Kisumu jua halina likizo, kwa hiyo kofia haitoki kichwani.

Matone ya steroidi nisijinunulie kamwe, yanaweza kupandisha presha ya jicho. Na jicho likiuma sana, mwanga ukinichoma au nikiona ukungu, niende siku hiyo hiyo, kwani kioo cha mbele cha jicho kinaweza kupata kidonda kikaacha kovu.

Chai sasa naiacha ipoe. Mzee anaiita maji ya kusuuzia vikombe.