Mshale Uliokataa Kusogea

Mara ya kwanza nilipoendesha gari la kasi lenye giaboksi ya CVT, yaani isiyo na gia maalumu bali hubadilisha uwiano wake polepole bila kukatika, nilidhani klachi inateleza. Nilikuwa nikitoka kwenye kona inayopanda kilima, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ya injini ukaruka hadi karibu na 6,000 kwa dakika na kuganda hapo, injini ikilia kwa sauti moja, huku mshale wa mwendo ukipanda taratibu kama maji yanayojaa ndooni. Kwa aliyezoea gia za mkono, mlio huo ni dalili ya fundi na gharama. Ilinichukua muda kukubali kwamba gari lilikuwa zima, na kwamba lilikuwa likifanya hesabu ambayo mkono wangu usingeiweza.

Kwa hesabu tupu, CVT ndiyo yenye haki. Katika mwendo wowote ule, msukumo unaofika kwenye magurudumu hutegemea nguvu ambayo injini inatoa wakati huo, nayo injini hufikia kilele cha nguvu zake katika eneo jembamba tu la mizunguko. Ukiwa na gia sita unalipita eneo hilo, unabadilisha gia, mizunguko inaporomoka, kisha unaanza kulitafuta upya. Na muda wote ambao klachi imekanyagwa, magurudumu hayapati kitu. CVT ina puli mbili ambazo pande zake husogeleana na kuachana, mkanda ukapanda huku na kushuka kule, hivyo injini hukaa kileleni na uwiano kati ya mizunguko ya injini na ya magurudumu peke yake ndio unaobadilika. Timu ya Williams ililijaribu wazo hili kwenye gari lake la Formula 1, FW15C, ambalo dereva David Coulthard aliliendesha majaribioni mwaka 1993 likiwa na CVT. Kanuni za 1994 ziliipiga marufuku kabla haijaingia kwenye shindano hata moja.

Kikwazo ni mshiko. Meno ya gia hukamatana yenyewe, ilhali mkanda hutegemea msuguano. DAF 600, gari dogo la Kiholanzi la mwaka 1958, ilitumia mikanda ya mpira, na kwa injini yake ndogo ilitosha. Baadaye ukaja mkanda wa vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwenye pete za chuma, ambao kwa ajabu yake hupeleka nguvu kwa kusukuma badala ya kuvuta. Hata huo, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikiongezeka lazima ubanwe zaidi kwa shinikizo la mafuta ya giaboksi, na pampu inayotoa shinikizo hilo inaendeshwa na injini ileile unayotaka ikupe kasi. Ukibanwa kidogo mno, unateleza na kuzichubua puli. Ukibanwa kupita kiasi, nguvu inapotea na joto linapanda.

Hayo ni matatizo ya uhandisi na sina ugomvi nayo. Ninachowalaumu watengenezaji ni zile gia za kuigiza. Subaru WRX ya mwaka 2015, kwa mfano, ilipatikana na CVT inayotumia mnyororo badala ya mkanda, ambayo, ukichagua hali ya michezo, hujifanya ina gia sita, na katika hali iliyo kali zaidi, nane. Mizunguko inashuka kwa makusudi ili dereva asikie alichozoea. Faida kubwa ya CVT ni kubaki kileleni, nao wanaitupa ili kunifurahisha, jambo ambalo mimi naliona ni kama kunidanganya mchana kweupe.

Basi mimi bado nachagua gia za mkono, ingawa najua kwamba hazinipi kasi zaidi. Nikiikaribia kona kwa gia ya tatu, ncha ya mguu wa kulia inabana breki, wa kushoto unakanyaga klachi, mkono unavuta kuelekea ya pili, na ubavu wa mguu uleule wa kulia unagusa mafuta kidogo ili mizunguko ipande kabla sijaachia klachi. Nikipatia, gari halishtuki hata kidogo. Nikikosea, magurudumu ya mbele au ya nyuma, kutegemea yapi yanayovutwa na injini, yanakwama kwa nukta moja na gari zima linainamisha pua. Jana nilikosea mara mbili kwenye kona moja, nikageuza gari na kuirudia.