Kumbukumbu ya mradi: bodi mbili, chipu moja, kelele tofauti

Bodi zote mbili zimeshalehemiwa. Saketi ni ileile: chipu ya 74AC04 kwa volti 5, yenye vigeuzi sita (kila kimoja hugeuza 0 kuwa 1, na 1 kuwa 0). Vitano navichapa kwa mawimbi ya mraba ya 1 MHz vibadilike kwa pamoja, kila kimoja kikibeba kapasita ya 47 pF kama mzigo. Cha sita nimekifunga kitoe sifuri muda wote, na ndicho ninachokipima. Kikionyesha chochote, ujue ni graundi ya ndani ya chipu inayoruka.

Bodi A ina graundi ya njia nyembamba, sentimita 4 hivi kutoka kwenye chipu hadi kwenye mizigo, na kapasita ya 100 nF, ile ya kutuliza umeme wa chipu, iko mbali. Bodi B upande wa chini wote ni shaba ya graundi, na kapasita imebanana na pini ya 14, ya umeme.

Kwenye A, pini "tulivu" inaruka karibu 1 V. Kwenye B haifiki hata nusu yake.

Kabla ya kushangilia nikahamisha kapasita ya A, nikailehemu juu ya chipu kabisa. Mtikisiko kwenye pini ya umeme ulipungua vizuri, lakini ule mruko wa wakati vigeuzi vinashuka haukutikisika. Na ukichora njia ya mkondo unaona kwa nini: mzigo unapojimwaga, mkondo unatoka kwenye mzigo, unaingia chipu, unatokea pini ya 7, ya graundi, kisha unarudi kwenye mzigo kupitia graundi. Kapasita haimo humo. Ushauri wa "ongeza kapasita" hugawiwa kama panadol, bila kuuliza kinachouma ni nini.

Hesabu nayo inakubali. Njia nyembamba ina induktansi (tabia ya kupinga mkondo usibadilike ghafla) ya takriban 1 nH kwa kila milimita, kwa hiyo hapo kuna kama 40 nH. Mkondo ukibadilika 50 mA ndani ya 2 ns, volti ni 40 nH × 50 mA ÷ 2 ns, yaani 1 V. Nilipobandika utepe mpana wa shaba juu ya njia hiyo, mruko ulishuka papo hapo.

Vipimo vyote nimechukua kwa springi fupi ya graundi kwenye probu ya oskiloskopu. Waya mrefu wa graundi wenye klipu huongeza milio yake yenyewe.

Kinachofuata ni bodi C: kama B, ila shaba ya graundi imekatwa mfereji chini ya njia ya saa (inayoleta yale mawimbi ya 1 MHz), nione mkondo wa kurudi utazungukia wapi.