Kwenye mwani kukata mnyororo sio kazi yote, salfeti je?

Watu wakiongelea vimeng'enya vya mwani mara nyingi wanaishia kwenye vile vinavyokata minyororo ya sukari ya mwani, karajinezi, agarezi na wenzake, na sawa, hivyo ndio vyenye majina makubwa, ila mimi kadiri ninavyozidi kusoma haya mambo naona salfatezi ndizo zinastahili kuongelewa zaidi, yaani zile zinazong'oa salfeti (kikundi cha salfa na oksijeni) kwenye sukari. Bila hizo bakteria anayekula mwani anabaki na vipande ambavyo hawezi kuvila.

Iko hivi. Mwani mwekundu una karajini, agari na porfirani, wa kahawia una fukoidani, wa kijani una ulvani. Zote ni minyororo mirefu ya sukari ila imebandikwa salfeti (agari kidogo tu), na salfeti ina chaji hasi, sasa kitu kama hicho kwenye mimea ya nchi kavu karibu hukikuti, na tumbo la binadamu lenyewe halina kimeng'enya cha kukivunja. Angalia aina za karajini tu: kapa ina salfeti moja kwa kila sukari mbili, iota ina mbili, lambda tatu, na hako katofauti kanabadilisha kila kitu maana kapa inaganda vizuri ikipata potasiamu, iota inataka kalsiamu, lambda haigandi kabisa. Hata wakataji wake ni tofauti, kapa wanaishughulikia wa familia ya vimeng'enya inayoitwa GH16, iota GH82, lambda GH150, kila mmoja na mnyororo wake.

Kapa-karajinezi ina kama handaki katikati, mnyororo unapita humo unakatwa unasogea unakatwa tena bila kuachiwa, kitu kizuri sana kukisoma. Lakini kinachotoka upande wa pili ni nini? Vipande vifupi vyenye salfeti vilevile! Ni kama samaki uliyemkatakata vipande na miba yote bado imo ndani.

Hapo ndipo salfatezi zinaingia, na hazina papara. Moja inatoa salfeti iliyokaa kwenye kaboni ya 2 ya sukari, nyingine ya 4, nyingine ya 6, na mara nyingi kuna foleni, huyu asipomaliza yule wa nyuma hawezi hata kuishika hiyo sukari. Halafu kinachonishangaza mpaka leo, nyingi haziwezi kufanya kazi zikiwa zimetoka tu kutengenezwa, lazima seli ichukue asidi amino moja pale katikati, sisteini au serini, iigeuze kuwa fomilglisini. Ndio maana ukihamisha jeni ya salfatezi kwenda kwa bakteria mwingine wa maabara ambaye hana mtambo wa kufanya hayo mageuzi unaweza ukapata protini nyingi tu lakini imekaa haifanyi kitu.

Ukitaka kuona ukubwa wa hii kazi msome Lentimonas, bakteria wa baharini anayekula fukoidani. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba kumaliza fukoidani ya aina moja anatumia vimeng'enya kama 100, na jeni zake 284 zinazodhaniwa kuhusiana na hiyo kazi nyingi ziko kwenye plasmidi moja kubwa (kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu), salfatezi zikiwemo nyingi tu. Mia moja kwa chakula kimoja jamani. Linganisha na Formosa agariphila ambaye ulvani anaimaliza kwa vimeng'enya 12, ilichapishwa 2019, yaani hata hiyo 12 kwangu bado ni nyingi.

Porfirani nayo ina stori yake. 2010 Jan-Hendrik Hehemann na wenzake kule Roscoff, Ufaransa, walipata porfiranezi za kwanza, yaani vimeng'enya vinavyokata porfirani, kwa bakteria wa baharini Zobellia galactanivorans, halafu wakakuta jeni za namna hiyohiyo kwa Bacteroides plebeius anayeishi kwenye utumbo wa Wajapani, wakati kwenye sampuli za watu wa Marekani Kaskazini hazikuonekana. Maelezo yao ni kwamba bakteria wa baharini waliingia pamoja na mwani unaoliwa, wakawapa jeni wale wa tumboni. Kila mtu anaisimulia kama habari ya porfiranezi na mimi sikatai, ila galaktosi ya porfirani ina salfeti kwenye kaboni ya 6, kwa hiyo mkataji peke yake asingetosha kumpa bakteria chakula.

Roscoff hukohuko ndiko ilikotoka SulfAtlas, hifadhidata ya salfatezi, 2016. Familia zilikuwa 4 tu, ila S1 ambayo ndio kubwa kuliko zote iligawanywa subfamilia 73, na nyingi hakuna aliyewahi kuzipima zinang'oa salfeti ipi kwenye sukari ipi. Watu wanaotaka vipande vya fukoidani vyenye umbo linalojulikana, sio mchanganyiko tu uliochemshwa na asidi, watahitaji hizo zipimwe moja moja, na mimi kama kuna kazi ya maabara ningetamani watu wengi zaidi waifanye ni hiyo.