Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa piano anayezunguka Dar

Saa 11 alfajiri
Sinza bado haijaamka, ndo muda wangu huu. Navaa hedfoni, nawasha piano ya umeme, nafungua Fantaisie-Impromptu, wimbo wa piano wa mtunzi Chopin. Aliiandika 1834 ila ilichapishwa 1855, yeye keshafariki. Watu wakiisikia wanasema huyu jamaa ana vidole vyepesi, kumbe ugumu wenyewe ni kwamba mkono wa kulia unapiga nota nne ndani ya muda uleule ambao wa kushoto unapiga tatu, na ukianza kuhesabu kichwani unakwama hapohapo. Kwa hiyo mi natenga mikono, kila mmoja unafanya kazi peke yake mpaka unapita spidi ya wimbo wenyewe na bega bado limelegea, halafu ndo naikutanisha, tena kwa kipande kidogo sana sio ukurasa mzima.

Leo ni mkono wa kushoto tu. Mwanzo wa wimbo siugusi kabisa maana mwanzo naujua. Hapa ndo wengi wanapoteza miaka aisee, mtu anaanza mstari wa kwanza, anafika pale pagumu, anakosea, anarudi mstari wa kwanza tena, anakosea palepale. Mwisho wa siku mwanzo ameupiga mara nyingi mno na pale pagumu amefanya mazoezi ya kukosea.

Saa 3 asubuhi
Upanga, kwa mama mmoja mstaafu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pita, leo nimefanya homuweki." Ana piano ya mbao ya zamani, na joto la pwani na unyevu wake haviipendi piano ya namna hiyo, masika kii zingine zinanata na nyuzi zinatoka kwenye tyuni mapema. Ameisogeza mbali na dirisha, vizuri sana.

Huyu nimemwanzishia skeli ya B, yaani ngazi ya nota zinazopanda na kushuka kuanzia nota ya B, sio C. Aliniuliza mbona C ni rahisi, haina kii nyeusi hata moja? Rahisi kusoma, ndiyo, lakini kwa mkono ndo ngumu maana hakuna kinachokuongoza. Kwenye B vidole virefu vinalala juu ya kii nyeusi, gumba linabaki kwenye nyeupe, mkono unakaa kwa umbo lake lenyewe. Chopin naye alikuwa anawaanzishia wanafunzi wake B, C aliiacha mpaka baadaye. Mama ameipiga octave mbili, yaani ngazi nzima mara mbili mfululizo, kwenda na kurudi, taratibu, kifundo cha mkono kimetulia. Nimefurahi kweli.

Saa 6 mchana
Mwendokasi kutoka Fire mpaka Shekilango. Nimepata siti, nafumba macho nauona ukurasa, naziona kii, mkono ukiwa pajani. Sehemu ambayo siwezi kuiona kichwani bila piano ndo sehemu ambayo siijui, hata kama vidole vinapita. Nikishuka wali maharage, maji, safari inaendelea.

Saa 9 alasiri
Kijana wa kidato cha tatu, anajiandaa na mtihani wa muziki wa ABRSM, bodi ya Uingereza, gredi ya 5. Kuna mahali skeli inapanda mbio mkono wa kulia na kila akifika juu inavunjika. Anasema, "Ticha, vidole vyangu vizito." Nikamwambia piga tena, mi naangalia mkono tu. Na kweli kilichokuwa kinatokea unakiona kwa macho, gumba linapita chini ya kiganja likiwa limechelewa, kiwiko kimebana mbavuni, halafu ili awahi anarusha mkono na gumba linatua kwa kishindo, nota moja inapiga kelele kuliko zote. Kucha ya kidole cha nne imekuwa nyeupe kwa jinsi anavyokandamiza kii ambayo ishafika chini zamani.

Tukaacha wimbo. Kundi la kwanza la nota akazibonyeza zote kwa pamoja kama kodi (chord, nota kadhaa kwa mpigo mmoja), ajue mkono unakaa wapi. Kundi la pili vilevile. Halafu kuruka tu kutoka kodi ya kwanza kwenda ya pili, mkono mzima unasogea pamoja na kiwiko, gumba halichimbi chini, linafika kwa sababu mkono ushafika. Baada ya hapo tukazifungua nota moja moja, kundi la kwanza na nota ya kwanza ya kundi linalofuata, stop. Pumzika, legeza, tena. Mama yake akauliza toka jikoni, "Mwalimu, mbona leo sisikii wimbo?" Nikamjibu utausikia mama, leo tunashona viungo.

Kabla saa haijaisha ule mpando ulipita wote, haraka, laini, na yeye mwenyewe akageuka akanitazama. Vidole ni vilevile alivyokuja navyo.

Saa 12 jioni
Kanisani, mazoezi ya kwaya. Namfundisha kijana anayepiga kinanda, ana sikio zuri mno ila kila wimbo anaupiga kwenye kii moja (hapa kii ni ile nota wimbo unapoanzia na kutulia, sio ya kubonyeza) na kubonyeza transpose, kitufe kinachopandisha au kushusha sauti yote. Tumekubaliana kitufe hicho kipumzike, kila wiki anajifunza kii moja mpya, kodi tatu kuu na mageuzi yake (nota zilezile, mpangilio tofauti), basi.

Leo amekwama kwenye tatu kwa mbili, mkono mmoja nota tatu, mwingine mbili, muda uleule. Nikampa maneno, "chai ya moto", chai unaivuta na mikono yote miwili inagonga pamoja, ya ni mkono unaopiga tatu, mo ni mkono unaopiga mbili, to ni ule wa nota tatu tena na inavutwa. Akapiga juu ya meza huku anatamka, chaai ya mo-too, chaai ya mo-too, sauti ya pili wakaanza kupiga makofi naye, mwalimu wa kwaya akawaacha. Alipohamia kwenye kinanda ikakaa.

Saa 3 usiku
Nyumbani, nimekula. Usiku sisukumi spidi. Napiga mara moja polepole kile nilichofanyia kazi alfajiri, safi, nafunga, maana kazi ya vidole ubongo unaendelea kuipanga ukiwa umelala na sitaki uondoke na toleo lenye makosa. Naandika kwenye daftari ya kesho: mkono wa kulia, baa (vipande vya wimbo vilivyogawanywa na mistari) ya 5 na ya 6, kwa makundi ya nota nne, kisha kugusanisha na kushoto nusu baa tu. Kijana wa gredi ya 5 nimemtumia voisi, asiguse wimbo mzima mpaka Alhamisi, afanye ule mshono na mwingine wa ukurasa wa pili.