Kupanga Diski za Seva Mwanza: Kadi au Programu?

Mtu akiniomba nimpangie seva ya ofisi hapa Mwanza, huanza kwa kumuuliza kifaa kikifa, kingine kitatoka wapi. Diski ya kawaida hupatikana madukani mjini. Kadi ya RAID, yaani kifaa kinachounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ya toleo lilelile mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, na wakati unaisubiri, data zako zimefungiwa katika mpangilio ambao kadi nyingine huenda isiusome. Ndiyo maana kazi ya kuunganisha diski naiachia programu, yaani mdadm au ZFS kwenye Linux, kwani hizo huandika taarifa za safu, yaani kundi la diski zilizounganishwa, ndani ya diski zenyewe, na ukizihamishia kwenye mashine nyingine yenye programu hiyohiyo, safu husomeka.

Wenye kadi huisifu betri yake, inayolinda data ambazo hazijaandikwa umeme unapokatika, na kwa umeme wetu usiopiga hodi hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ZFS haiandiki juu ya data zilizopo. Huandika pembeni kwanza, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, safu hubaki katika hali yake ya mwisho iliyokamilika. UPS, ile betri ya akiba ya umeme, bado inahitajika, tena iunganishwe na seva kwa waya wa USB ili seva ijizime yenyewe chaji ikikaribia kuisha. UPS inayopiga kelele peke yake usiku wa manane ofisini Kirumba haimsaidii mtu.

Chukua diski 6 za terabaiti 4. RAID 5, inayovumilia kifo cha diski moja, inakupa terabaiti 20, RAID 6, inayovumilia mbili, inakupa 16, RAID 10, yenye diski jozijozi zenye nakala sawa, inakupa 12, na wenye ofisi huvutiwa na ile ya kwanza. Lakini diski moja ikifa, ili kujaza diski mpya RAID 5 hulazimika kusoma terabaiti 20 za diski zilizobaki bila kukosea, ilhali kwa diski nyingi za bei nafuu mtengenezaji huahidi kosa la usomaji lisilozidi moja kwa takriban terabaiti 12.5. Nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo. Hata hivyo kazi huchukua saa nyingi, na diski zilizonunuliwa pamoja zinaweza kuchoka pamoja. Mimi huchagua RAID 6, au raidz2 ikiwa ni ZFS, na RAID 10 naikubali kwa hifadhidata inayoandika vipande vingi vidogo.

Majina ambayo Linux huzipa diski, kama sda na sdb, yanaweza kubadilika seva ikiwashwa upya, kwa hiyo kwenye ZFS tumia yale ya /dev/disk/by-id, yenye namba ya diski, kisha namba hiyohiyo ibandike mbele ya trei yake, fundi asije akang'oa diski nzima akaiacha mbovu. Kwa mdadm kwenye Debian, iandike safu katika /etc/mdadm/mdadm.conf na uendeshe update-initramfs -u, la sivyo safu uliyoiita md0 inaweza kuamka ikiitwa md127.

Kabla ya kukabidhi seva, na kabla haijawekwa data za kazi, ng'oa diski moja mwenye ofisi akiangalia, muone kama barua pepe ya onyo inamfikia. Nakala rudufu ikae jengo jingine, kwa kuwa mtu akifuta faili, safu hulifuta kwenye diski zote kwa pamoja.